Namba Iliyogoma Kupanda

Kila alasiri alipotoka madrasa, Fahima aliosha masanduku ya barafu nyuma ya nyumba yao, Mkokoni. Aliyasugua, akayasuuza, akayapanga karibu na pikapu aliyoiacha baba yake. Tangu baba azikwe, mwezi wa Shaabani, aliifanya kazi hiyo bila kuipenda wala kuichukia. Watu walipomwuliza hali, aliwajibu walichotaka kusikia, wakaenda zao.

Siku hiyo kaka yake Husni, fundi wa magari, alimwita. Alikuwa amebadilisha springi ya turbo, ile mashine inayosukuma hewa ndani ya injini, ili hewa iingie kwa wingi na pikapu ipate nguvu ya kupita mchangani ikiwa na mzigo. Waliteremka ufukweni maji yakiwa yamekupwa, kwani kwingine hakuna ardhi ngumu ya kujaribia gari.

"Kazi yako ni kusoma presha kwenye laptopu," Husni alisema. "Usinyamaze."

Akakanyaga mafuta.

"Mia na themanini. Mia mbili na kumi. Mia mbili na hamsini. Hamsini. Hamsini bado."

"Unasoma kama mwalimu anayeita majina ya watoro!" Husni alicheka. "Lakini imetulia. Safi sana."

Fahima aliona kwamba namba ilisimama wakati mguu wa Husni ulikuwa bado unashuka. Kisha alisikia injini ikigonga, kama kokoto ndani ya kopo. Upande wa Husni upepo ulivuma dirishani.

"Umesikia kitu?" Husni aliuliza.

"La."

Kusema ndiyo kungehitaji maneno mengi zaidi.

Nyumbani, shangazi yao Bi Tima aliwangoja na samaki. "Pakieni upesi! Ndia ya Mokowe ni mbovu, na barafu inayeyuka."

Husni aliinua sanduku la kwanza. Fahima aliitazama pikapu. Ndiyo iliyowalisha; injini ikifa, hawana nyingine. Alilijua hilo kama alivyojua jedwali la kuzidisha. Hakuona hofu. Alisema tu.

"Kaka, nilikudanganya. Injini iligonga. Na ile namba ilisimama mapema, wewe ukiwa bado unakanyaga."

"Mbona hukusema?"

"Sikutaka kuongea."

Bi Tima alitaka kumkaripia, Husni akamzuia kwa mkono. Alifungua boneti, akangoja injini ipoe, akachomoa plagi moja. Ncha yake ilikuwa nyeupe, ina vidoa vya chuma kilichoanza kuyeyuka. Akaketi juu ya sanduku.

"Kosa la kwanza ni langu," alisema. "Kihisi cha presha cha gari hili, kile kinachotuma namba kwenye laptopu, mwisho wake ni mia mbili na hamsini. Hewa ikizidi hapo, kinasema hamsini vilevile. Shangazi, ukitundika jodari wa kilo sabini kwenye mzani wako wa kilo hamsini, unaandika ngapi?"

"Siandiki kitu. Namkata vipande kwanza."

"Mimi nimeandika. Kompyuta ya injini inapima petroli kwa kuifuata namba ile. Hewa ikawa nyingi, petroli kidogo. Joto likizidi, pistoni inatoboka. Safari moja na mzigo ingetosha."

Akairudisha springi ya zamani. Samaki walichelewa, na Bi Tima hakuacha kulalamika. Walipojaribu tena ufukweni, namba ilipanda hadi mia mbili na ishirini, ikashuka mguu ulipolegea. Hakuna kilichogonga.

"Tutatafuta kihisi kinachopima zaidi, ndipo tuongeze hewa," Husni alisema. "Lakini nisikilize, Fahima. Kihisi kilichofika mwisho hakijui kwamba kinadanganya. Mtu anajua. Ukiona jambo, liseme, hata kama huna hamu ya kusema, maana anayeendesha anategemea neno lako."

"Nimesikia, Kaka."

Alingoja aone kama moyo utakuwa mwepesi kwa kuwa amesema kweli. Haukubadilika. Pikapu ilishika njia ya Mokowe na samaki wake, na mlio wa injini ulisikika safi mpaka ulipopotea.