Beseni la Simu

Kila Jumamosi nikirudi chuoni kusoma Kurani hufagia ua kwanza, ndipo naruhusiwa kuwasha kompyuta. Jumamosi ile ufagio uliningoja. Bibi Sichana, mama yake mama, alikuwa amekuja kwetu Kikwajuni kutoka Mkokotoni ili aone video ya shughuli ya wanawake katika harusi ya dada yangu Khairat. Mguu ulimzuia kuhudhuria, na alasiri angerudi kwao.

Nikachomeka flashi. Sauti ya ngoma ikatoka, lakini picha hakuna, kiza kitupu.

"Programu yenu ya zamani," akasema binamu yangu Faiza, msomi wetu wa chuo kikuu. "Kuna tovuti inafungua video yoyote. Unaipandisha kule, unatazama. Lete."

Nikasoma maandishi madogo chini ya ukurasa. Yalisema video itabaki kwao. Nikachomoa flashi, nikaifumbata.

"Riyama," mama akaita.

"Naam."

"Mpe dada yako Faiza flashi. Bibi anangoja."

"Unisamehe mama, simpi. Siku ya shughuli simu zote zilitiwa kwenye beseni mlangoni, ikabaki kamera ya mpigapicha wetu mwanamke tu. Watu wakavua mabuibui, wakacheza, kwa kuliamini beseni lile. Leo tuwapeleke kwa watu tusiowajua?"

Faiza akacheka. "Kwani si inabaki siri kule? Nani akutazame wewe na vimiguu vyako?"

Hasira zikanipanda. "Siri gani inayokaa nyumbani kwa mtu mwengine?"

"Una mdomo wewe mtoto."

"Ninao."

Mama akanikazia macho. Nilijua nikishindwa, Bibi ataondoka bila ya kumwona mjukuu wake, na lawama zote zangu. Akasema, "Basi kama hutaki lake, toa lako."

Nikakaa. Mwalimu wetu wa kompyuta, Bi Wanu, alitufundisha kuchukua programu kwenye ukurasa wa walioitengeneza. Ya kwanza niliikuta kwenye ukurasa wa wengine, imejaa vitufe vya kijani vinavyogombania kubonyezwa, nikaiacha. Ya pili ilitaka namba ya simu ya mama. Ya nini? Kutazama ngoma? Nikaifunga. Ya tatu ilikuwa kwenye ukurasa wa wenyewe, na haikuniuliza lolote. Nikaipakua, nikaiweka, nikazima mtandao, ndipo nikachomeka flashi.

Khairat akatokea, mikono imejaa hina. Bibi akashika shavu, machozi yakamtoka. Mara akaanza kucheka. "Yule si Kurwa? Na uzee ule bado anakata kiuno?"

Tukacheka wote. Faiza naye akacheka, huku ananyanyua simu yake mbele ya kompyuta.

Bibi akamwona. "Unafanya nini?"

"Narikodi kidogo tu, Bibi."

"Riyama, simamisha hiyo picha. Beseni liko wapi?"

Nikalileta. Bibi akatoa simu yake kwenye pindo la kanga, akaitia mwanzo. Mama akafuata. Faiza aliiangalia yake, kisha naye akaitia.

"Sikilizeni," Bibi akasema. "Mwanamke akivua buibui mbele yako amekupa amana. Chombo kizuri si kile kinachofungua haraka. Uliza kwanza kinataka nini kwako, na ukiona kinataka amana ya mtu, kikatae, hata anayekwambia ukubali akiwa mimi. Haya mwanangu, peleka beseni mlangoni, urudi ukae hapa karibu yangu."

Nikalipeleka. Ua niliufagia baadaye.