Mabango ya Dukicha na Guracha

Ukuta wa nyumba ya Mwaringa ulianza kutoa maji saa sita mchana, katikati ya kiangazi, wakati Garsen yote ilikuwa vumbi tupu. Mkewe, Kaviha, aliupangusa kwa kitambaa. Kitambaa kikanuka tope la mtoni.

Mwaringa alikuwa nyapara wa vibarua waliochimba mfereji wa shamba la mpunga la mzungu mmoja. Mwaka ule wa 1956, vijana wawili Waorma, Dukicha na Guracha, waliandikia serikali barua kueleza jinsi vibarua walivyopigwa na nyapara wao hadi wengine wakafa. Barua haikujibiwa. Wao wakaokotwa mtoni wamekatwa shingo.

Sabdio, dada yake Dukicha, alipeleka picha zao Mombasa zikachapwe. Akayabandika mabango sokoni, nyuso mbili na maneno machache: HAWA WALITUSEMEA. NANI ALIWAUA?

Asubuhi ya siku ile ukuta ulipotoa maji, Mwaringa alikuwa ameyabandua yote, akayaleta nyumbani ndani ya gunia. "Yatie moto," alimwambia mkewe.

Kaviha aliyamwagia mafuta ya taa, akawasha. Moto ukazimika. Akawasha tena, na safari hii maji mekundu yakachuruzika kutoka kwenye makaratasi yakafunika mafiga. Alipokimbilia sebuleni, alikuta bango limebandikwa ukutani, gundi bado mbichi.

"Umelibandika wewe?" Mwaringa aliuliza.

"Mimi? Haki ya Mungu, sijaligusa!"

Mwaringa akalikwangua kwa panga. Siku ya pili, saa sita ileile, yalikuwa mawili. Siku ya tatu yalijaa ukuta mzima, na mbuzi wao wote watano walikuwa wamelala uani, shingo wazi. Mwaringa akaanguka chini, akanguruma kwa sauti isiyo yake.

Kaviha alimwita Maalimu Bonaya, mzee wa kijiji cha Ozi aliyejulikana kwa kusomea wenye majini. Alifukiza ubani, akasoma mpaka jasho likamlowesha kanzu.

"Wewe ni nani?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Wa mtoni," kinywa cha Mwaringa kikajibu. "Huyu alinitupia maiti mbili mlangoni. Watoto wangu wamekunywa damu."

"Unataka nini? Mbuzi? Manukato?"

"Aseme mbele ya watu alichofanya. Akisema, nitamwachia pumzi yake."

Mwaringa akazinduka. Maalimu akamshika bega. "Mwanangu, umesikia. Sema, upone."

"Sina la kusema!"

Akanyakua panga, akamkata mzee mkono hadi mfupa ukaonekana, kisha akamgeukia mkewe, kwa sababu ni yeye pekee aliyejua, ni yeye aliyefua shati lenye damu usiku wa mauaji na kunyamaza. Kaviha alitoka mbio bila viatu, akapita zizi la ng'ombe, akapita maduka, pumzi ya mumewe nyuma yake ikikoroma kama mtu aliyejaa maji kifuani, panga likimpasua leso mgongoni, likimpasua na nyama, watu wakikimbia huku na huku, mpaka akafika kwenye ule ukuta wa soko uliobanduliwa mabango na hakukuwa tena na pa kwenda.

"Ni yeye!" akapiga kelele. "Ndiye aliyewaua Dukicha na Guracha! Nilimfulia damu yao!"

Panga lilikuwa juu. Halikushuka. Mwaringa alifungua kinywa, na maji yakatoka, maji ya tope yenye majani, yakatoka puani na masikioni, akazama akiwa amesimama juani, mbali na mto. Shingo yake ikapasuka kulia, kisha kushoto, bila mkono wa mtu. Alipoanguka, watu wakarudi, wakamzunguka.

Sabdio alipenya katikati ya watu. Alimtazama maiti, kisha akamtazama Kaviha aliyekuwa akitokwa na damu ukutani.

"Miezi miwili nimemtafuta muuaji," akasema. "Nilikuja kwako kuomba maji. Ulinipa, ukanyamaza."

"Niliogopa, dada yangu."

"Hata mimi naogopa."

Sabdio alivua mtandio wake, akamfunga jeraha la mgongo, akakaza fundo. Kisha akamgeuza awakabili watu.

"Sema tena," akamwambia. "Hawa wa nyuma hawajasikia."