Taa Nyekundu ya Gari Jeusi

"Nasema hivi, Mughwai, taa hiyo siyo pambo! Nyekundu ni nyekundu!"

"Na mimi nasema hivi, mzee Alute: kwa heshima zote, rudi kwako ukanywe uji!"

Damari alikuwa amechuchumaa kando ya karai la vyombo, mikono imejaa povu. Sufuria lile lile alikuwa akilisugua kwa mara ya tatu, ili neno lisimpite. Hakuwa peke yake. Jioni ile ya Ijumaa majirani walikuwa wameshajipanga nyuma ya ua wa minyaa, na akina mama waliokuwa wakienda kisimani waligundua ghafla kwamba ndoo tupu nazo zinachosha, wakazitua chini.

Katikati ya uwanja lilisimama gari jeusi la kifahari. Lilikuwa limetumika, lakini usingejua kwa kulitazama. Viti vyake vilikuwa vya ngozi, vioo vilipanda vyenyewe, na injini ilinguruma kwa adabu kama mgeni wa harusi. Joseph, dalali wa magari, alilileta siku ya Jumatano kutoka upande wa Nzega ili Mughwai, baba yake Damari, apate kulijaribu kabla ya kulipa. Mughwai alikuwa amezunguka nalo Shelui nzima. Tatizo lilikuwa moja tu. Kila alipoliwasha, taa mbili zilibaki zikiwaka mbele ya usukani: moja ya njano, nyingine nyekundu yenye alama ya mshangao.

"Hiyo ni taa ya breki," alisema mzee Alute. Alikuwa ameendesha malori miaka thelathini, na sauti yake bado ilikuwa ya mtu anayezungumza juu ya mngurumo wa injini. "Ukivuta breki ya mkono, lazima iwake. Ukiiachia, lazima izime. Ikigoma kuzima, gari linakwambia linaumwa. Nawe Jumapili unataka kupakia familia uende Singida kwenye kipaimara! Mlima Sekenke utaupanda, sawa. Wakati wa kurudi, lile teremko utalishukaje?"

"Magari ya kisasa yana mataa mengi, mzee. Sema tu kwamba inakuuma. Miaka yote hiyo ya usukani, hukununua hata toroli!"

Nyuma ya ua mtu mmoja alianza kucheka, kisha akajikohoza. Mzee Alute alivaa kofia yake taratibu, akaondoka bila kuaga.

"Baba Damari," mama alisema kwa sauti ya chini, "yule ni mkubwa wako."

"Mkubwa mwenye kijicho!"

Damari aliinamia sufuria lake. Moyoni alikuwa upande wa baba, na alikuwa na sababu. Shuleni, darasa la sita, rafiki yake Eliana alikuwa amemtania mwaka mzima kuhusu pikipiki ya baba yake. "Ikipita tu," Eliana alikuwa akisema, "mwalimu anadhani jiko la shule linaungua!" Darasa zima lilikuwa likigonga madawati kwa kicheko. Basi Alhamisi Damari alitangaza kwamba Jumatatu ataletwa shuleni na gari jeusi lenye viti vya ngozi. Alikwenda mbali zaidi, akapanga kabisa nani ataruhusiwa kugusa mlango na nani atatazama kwa mbali. Eliana alikuwa wa kutazama kwa mbali.

Jumamosi alfajiri, Damari alitoka na ufagio. Akaona miguu miwili imechomoza kwenye mlango wa gari. Joseph, mgeni wao tangu Jumatano, alikuwa amelala ubavu chini ya usukani, bisibisi mdomoni, tepu nyeusi ya mafundi umeme mkononi.

"Shikamoo, anko Joseph."

Joseph alishtuka, akagonga kichwa. "Marahaba, Damari mwanangu! Nafuta vumbi tu hapa."

Damari alitazama ile tepu. Hakuwahi kuona vumbi likifutwa kwa tepu.

Joseph alitabasamu. "Jumatatu si ndiyo siku ya kupelekwa shule na gari? Basi mambo ya wakubwa tuachie wakubwa."

Damari akafagia hadi nyuma ya nyumba, mahali ambapo hapakuwa na uchafu wowote.

Baba alipoamka na kuwasha gari, dashibodi ilikuwa safi kabisa. Hakuna taa ya njano wala nyekundu. "Mmeona?" alipaza sauti makusudi ili ivuke ua wa minyaa. "Lilikuwa linazoea mazingira tu! Mama Damari, chinja jogoo wawili. Leo tunalikaribisha gari!"

Kabla ya saa tano nyumba ilikuwa imejaa. Wengine walialikwa, wengine walialikwa na harufu. Wanawake walisonga ugali wa mtama kwenye sufuria kubwa la kuazima, huku wakiulizana kama kweli viti vile vinapoza makalio.

Damari hakuweza kukaa wala kusimama. Aliingia jikoni.

"Mama, ile taa ya gari..."

"Taa ya nini mchana huu? Lete kuni!"

Akapeleka kuni, akamfuata baba uwanjani. "Baba, naomba nikwambie..."

"Damari, huoni wakubwa tunaongea?"

Alirudi nyuma, macho yakimuwasha kwa hasira. Alimkasirikia baba asiyesikia, akamkasirikia Joseph aliyekuwa akicheka kuliko wenye nyumba. Alimkasirikia hata mzee Alute kwa kukubali kuondoka. Lakini zaidi alijikasirikia mwenyewe, kwa kuwa kila alipokatizwa, kipande kidogo cha moyo wake kilipumua na kusema: afadhali. Jumatatu bado ipo.

Ndipo akamsikia mama akimwambia jirani, "Kesho nitakaa mbele na Elisha wangu mapajani. Nataka auone mlima Sekenke vizuri."

Elisha alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Damari alikumbuka lori aliloliona siku moja kwenye teremko lile, limelala ubavu korongoni, magunia ya vitunguu yametapakaa hadi chini.

Uwanjani, baba alikuwa ameshika kalamu juu ya karatasi ya mauziano.

"Baba, usisaini!"

Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotaka. Watu wote waligeuka. Baba alikunja uso. "Una nini wewe leo?"

"Washa gari, halafu vuta breki ya mkono. Taa nyekundu lazima iwake. Babu Alute alisema jana."

"Huyu mtoto amelala njaa," alisema Joseph, akicheka peke yake. "Mzee, saini tule."

Mughwai aliinua kalamu, akaishusha. Labda kicheko kile ndicho kilichomtia shaka. Alikwenda kwenye gari, akawasha, akavuta breki ya mkono. Dashibodi ilikuwa nyeusi. Akaachia, akavuta tena kwa nguvu zaidi. Nyeusi.

"Nilimwona alfajiri," Damari alisema, machozi yakimtoka. "Alikuwa na bisibisi na tepu. Nilinyamaza, baba. Nilishawaambia wenzangu shuleni kwamba Jumatatu nitaletwa na gari."

Joseph alijifuta jasho. "Sikilizeni. Taa inasumbua tu, ndiyo maana nikaiziba. Gari lenyewe halina shida."

"Vizuri," alisema Mughwai. "Basi twende Sekenke sasa hivi. Wewe utashika usukani, mimi nitakaa pembeni yako. Tushuke wote."

Joseph alitazama viatu vyake, kisha simu yake. "Leo... leo sikuja na leseni."

"Kutoka Nzega ulikuja na ya nani?" aliuliza mwanamke mmoja kutoka jikoni, mwiko mkononi. Watu waliangua kicheko, lakini Mughwai hakucheka.

Walimwita fundi Simeoni kutoka gereji ya barabarani. Alifungua tairi moja tu, akawaonyesha. Pedi za breki zilikuwa zimelika hadi chuma, na bomba la mafuta ya breki lilikuwa likivuja. "Kwenye tambarare hii lingewadanganya hata wiki mbili," alisema. "Sekenke, hata mara moja lisingefika chini salama."

Mughwai alichukua ufunguo, akasema hatasaini kitu, na gari halitasogea mpaka breki zitengenezwe. Joseph akaita bodaboda, akaondoka bila kuonja hata mchuzi.

Mughwai alimshika Damari bega. Damari alingoja kukaripiwa.

"Joseph aliziba taa," baba alisema polepole, watu wote wakisikia. "Mimi niliziba masikio. Wewe uliziba mdomo. Sote watatu tulikuwa tukifanya kazi moja. Ila wewe ndiye uliyeacha kwanza. Jumatatu wakikucheka, waache wacheke. Aibu ya siku moja haiui mtu, lakini ukweli uliofichwa ungeweza kutuua sote. Tena usingoje niwe na nafasi ya kukusikiliza. Nivute shati."

Kisha akamshika mkono, wakaenda pamoja hadi kwenye ua wa minyaa. Ng'ambo, mzee Alute alikuwa amekaa kwenye kigoda, amewapa mgongo.

"Mzee Alute, shikamoo."

Majirani walinyoosha shingo nyuma yao.

"Marahaba," mzee alijibu bila kugeuka.

"Nilikukosea mbele ya watu. Nimekuja kukuomba radhi mbele ya watu. Taa ilikuwa inasema kweli, na wewe pia."

Mzee Alute aligeuka, akamtazama Damari kwanza. "Ni wewe uliyesema?"

"Ndiyo, babu. Lakini nilichelewa."

"Ulisema kabla ya teremko, mjukuu wangu. Huko ndiko kuwahi." Kisha akamgeukia Mughwai, uso bado mgumu kidogo. "Lakini nilishaambiwa nirudi kwangu nikanywe uji. Nimekunywa."

Mama Damari alikuwa amefika kwenye mlango wa ua, Elisha mgongoni, sahani ya kuku mkononi.

"Uji ulikuwa wa jana, mzee," alisema. "Pitia hapa mlangoni, karibu ndani. Hakuna atakayeanza kula kabla hujakaa."