Safari ya Siku Mbili

"Masaa tisa na nusu," dada mtu alisema, macho kwenye kompyuta ya ofisi ya tiketi alikofanya kazi. "Kilomita elfu saba na ushee. Ndege ni moja tu kwa wiki, haitui popote njiani."

Mdogo wake, fundi cherehani, alikunja uso. "Mbona mchumba wangu ameniambia siku mbili? Anaondoka Ijumaa, anafika Jumapili."

"Labda anakuja kwa punda."

"Dada, usinitanie. Harusi ni wiki mbili zijazo."

"Sikutanii, mdogo wangu. Ijumaa saa mbili usiku inaruka. Ukijumlisha na tofauti ya saa, Jumamosi saa moja na nusu asubuhi imetua hapa. Hiyo siku inayobaki, muulize analala kwa nani."

Hakuuliza. Jumamosi asubuhi alikuwa uwanja wa ndege, amevaa gauni la kijani.

Mchumba wake, seremala aliyekwenda ughaibuni miaka mitatu iliyopita, alitoka kweli. Peke yake. Alikuwa amekonda, anasukuma mizigo kwa mkono mmoja, wa pili mfukoni. Akaketi kwenye benchi, akatoa simu.

Simu ya binti ikatetemeka.

"Mpenzi, ndio tumetua njiani, nabadilisha ndege. Tutaonana kesho."

Akajibu: "Huko njiani kuna mwanamke wa gauni la kijani? Geuka nyuma."

Aligeuka. Simu nusura imdondoke.

"Yuko wapi?" binti aliuliza, bila kupandisha sauti.

"Nani?"

"Huyo unayekwenda kulala kwake leo."

"Hakuna mtu. Nimechukua chumba hotelini." Aliisogeza mizigo kando. "Nilitaka siku moja tu nijipange nitakuambiaje."

"Kuniambia nini?"

Polepole alitoa mkono wa kushoto mfukoni. Kidole cha pete na cha mwisho havikuwepo.

"Msumeno wa mashine. Ni miezi minne sasa."

"Ndiyo maana kwenye video ukawa unanionyesha paji la uso tu?"

"Ndiyo. Seremala wa vidole vitatu nani atamtaka? Nilikuja kukuambia uko huru, mama yako asije akaaibika mbele za watu."

Binti aliketi kando yake.

"Miezi minne umeuguza kidonda peke yako, na mimi nakusimulia habari za vitambaa!"

"Zilinisaidia."

"Nyamaza! Mkono haukuniudhi. Kilichoniuma ni uongo. Wiki nzima sijalala, najiuliza nimekukosea nini."

"Nisamehe, mama." Machozi yalimtoka.

Aliuchukua ule mkono, akauweka mapajani. "Bado unauma?"

"Kukiwa na baridi."

"Na randa unashika?"

"Nashika. Ila kazi inakwenda taratibu."

"Basi tutakwenda taratibu. Ila siku ukinidanganya tena, hata saa moja, mimi na wewe basi."

"Nimesikia."

Binti alimpigia dada yake.

"Umemkuta na nani?" dada aliwaka.

"Na mizigo yake. Tunakuja, weka chai jikoni."

Wiki mbili baadaye walifunga ndoa. Wakati wa pete ulipofika, mfungishaji alitazama mkono wa kushoto wa bwana harusi, akasita.

Bibi harusi akaunyanyua mkono wa kulia wa bwana harusi.

"Huu hapa," alisema. "Mikono yote miwili ni yake."