Mablanketi ya Tani Ishirini na Sita

Kila asubuhi, kabla lori la kwanza halijafika, Mama Mizani hufuta vumbi kwenye kioo cha mashine yake. Kazi yake ni kupima malori yaendayo mpakani. Lori hupanda juu ya bamba la chuma, namba huonekana kwenye kioo, naye huchapa cheti cha uzito. Kwa miaka kumi na minne hakuna lori lililompita bila kupimwa. Madereva humtania kwamba hata mumewe humpima kabla ya kumfungulia mlango.

Kisha nchi mbili jirani zikaanza kupigana. Redio ikatangaza kwamba nchi yao haitaegemea upande wowote.

"Umesikia?" alisema mumewe, fundi viatu, huku akigonga msumari kwenye soli. "Sisi hatumo."

Mwezi wa kwanza yalipita malori ya mablanketi, yakienda kwa jirani wa kwanza. Mama Mizani aliyapima. Yalikuwa mablanketi kweli.

Mwezi wa pili mkuu wake wa kazi alimpigia simu. "Mama, malori ya msaada yasipimwe. Yanachelewa. Ni jambo dogo tu."

Mwezi wa tatu malori hayo yakiharibika yakawa yanatengenezwa katika karakana ya jeshi la nchi yao. "Jambo dogo tu," mkuu akasema tena.

Mwezi wa nne jirani wa pili akayalipua mawili karibu na mpaka. Dereva mmoja akapoteza mguu. Ndipo askari wa nchi isiyo na upande wakaamriwa kuyasindikiza malori hadi ng'ambo. Miongoni mwao alikuwemo kifungua mimba wa Mama Mizani, binti ambaye nyumbani walimwita Koplo.

"Tunaondoka Alhamisi, mama," alisema kwenye simu. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Jioni hiyo Mama Mizani alirudi nyumbani amefura kwa hasira. Sebuleni hapakuwa na pa kukanyaga. Buti zilijaa hadi chini ya meza.

"Hizi za nani?"

"Za jeshi la yule jirani wa kwanza," alijibu mumewe. "Kubadili soli tu."

"Mwanao anapelekwa vitani, nawe unawatengenezea buti."

"Mke wangu, sisi hatumo. Na buti hazipigi risasi."

"Hazipigi. Zinampeleka mpigaji. Baba Koplo, nimechoka kuambiwa hatumo. Kama hatumo, hizi buti zinatafuta nini chini ya meza yangu?"

Jirani wa nyumba ya pili alikuwa mlangoni, amefuata ndala zake. Alikuwa mwalimu wa kisomo cha watu wazima. Walimwita Katiba, kwa sababu kitabu hicho hakitoki kapuni mwake.

"Fundi, redio haikudanganya," alisema. "Siku ile hatukuwamo. Tumeingia baadaye, kidogo kidogo."

"Tumeingia vipi, na hatujapiga mtu?"

"Nchi isiyo na upande inaweza kuwalisha na kuwatibu watu wa pande zote mbili. Lakini ikipitisha silaha za mmoja na kumtengenezea magari, mwingine ataiona adui. Akiipiga, itasema inajilinda, na itapeleka askari. Kila hatua inaitwa ndogo, na kila hatua inaomba nyingine."

"Nani aliamua tuchukue hatua hizo?" aliuliza Mama Mizani.

"Hapo ndipo pa kuuliza. Sheria yetu inasema askari hawavuki mpaka bila idhini ya Bunge. Bunge halijaulizwa. Na wewe, dada, malori yanayolipuliwa hatujui yamebeba nini; amri ile uliyotuambia, ya kutoyapima, uliiona kwa maandishi?"

"Niliambiwa kwa simu," alisema Mama Mizani. Hasira yake sasa ilimgeukia mwenyewe.

Asubuhi alimpigia mkuu wake. "Sheria inanitaka nipime kila lori. Kama nisipime, niandikie."

"Mama, unakuza mambo."

"Niandikie, mkuu, nami nitatii."

Hakuandika. Lori la kwanza la msaada likapanda kwenye bamba. Karatasi zilisema: mablanketi, tani sita. Mama Mizani akatoa uzito wa lori lenyewe. Zikabaki tani ishirini na sita.

"Mablanketi haya yamelowa?" alimuuliza dereva.

Dereva alitazama viatu vyake. "Mimi naendesha tu, mama."

Akawaita polisi, nao walipofungua masanduku, chini ya tabaka moja la mablanketi walikuta mabomu.

Jumanne, Mama Mizani na Katiba walipeleka kwa mbunge nakala ya cheti na barua yenye sahihi za majirani arobaini. Sahihi ya kwanza ilikuwa ya fundi viatu, yenye alama ya gundi. Mbunge alisoma namba, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

Jumatano aliuliza Bungeni ni nani aliyeidhinisha askari kuvuka. Waziri alizungumza kwa muda mrefu bila kujibu. Wabunge wakapiga kura, na safari ya askari ikasimamishwa. Mwezi uliofuata sheria ikapitishwa: silaha zisipite kwenda upande wowote, bali chakula, dawa na mablanketi yaende pande zote mbili, baada ya kupimwa.

Buti zilirudi kwa wenyewe. Fundi alinung'unika wiki nzima juu ya misumari yake iliyokwenda nazo. Alhamisi ile waliyokuwa waondoke, Koplo alikuja nyumbani kwa likizo, akalala hadi saa sita mchana, na hakuna aliyemwamsha.

Siku moja simu ya kazini ikalia.

"Mama," alisema mkuu, "kuna lori moja linakuja, lina haraka. Ni jambo dogo tu."

"Sawa, mkuu," alijibu Mama Mizani, akifuta kioo. "Lipande tuone udogo wake."