Sare Zisizokua

Nawategea kitendawili, wanangu: nyumba yangu ina mlango wa kuingilia, wa kutokea haina. Fikirini huku nikisimulia.

Palikuwa na fundi cherehani, mjane, na binti yake wa pekee. Binti walimwita Kasuku, kwa kuwa kila neno aliloliona alilisoma kwa sauti, hata la kwenye mfuko wa chumvi. Mama akikanyaga cherehani, Kasuku humsomea vipimo daftarini: kifua, kiuno, urefu wa sketi. Nyumba ilikuwa imetulia.

Kwa miaka mitatu mama alishonea shule moja ya binafsi, ndogo, isiyovuma, nyuma ya ghala la mbao. Koti la buluu, tai, nembo ya kudarizi. Na darasa alilolichungulia lina watoto kumi na wanane tu! Akamhamishia Kasuku huko, darasa la sita.

"Mdogo wangu," dada yake fundi akamwuliza, "waliomaliza pale wako wapi?"

"Dada nawe! Shule zenu za majina makubwa watoto wamebanana kama pini kwenye kikopo. Mimi nimeokota lulu hamjaiona. Halafu nawashonea mwenyewe, nisiijue?"

"Unalijua koti. Aliyelivaa humjui."

"Huo wivu, dada."

Hapo ndipo fundi alipojikata kwa mkasi wake. Sare zote alizoshona zilikuwa za watoto wadogo, mwisho darasa la nne. Wazazi waliogutuka waliwaondoa wana wao mapema. Sketi ndefu ya kwanza daftarini ilikuwa ya Kasuku! Wanangu, daftari alikuwa nalo mkononi, kwa mwandiko wake.

Darasa la saba likafika. "Namba ya mtihani inakuja, mama. Tulia," mkuu wa shule akasema kila alipoulizwa.

Siku ya mtihani wa kumaliza shule ya msingi, kwenye kituo cha mtihani, msimamizi alipitisha kidole kwenye orodha, akarudia. "Shule yenu haijasajiliwa, mama. Jina la huyu halipo."

Kasuku akaomba aisome orodha mwenyewe. Akaisoma yote, kwa mara ya kwanza maishani kimyakimya.

Walipokimbilia kwa mkuu, lango lilikuwa na mnyororo.

Shule ya serikali ilimpokea, ila darasa la sita, maana kwa miaka miwili ile hakuwa na rekodi hata ya siku moja. Wenzake walimfika begani, wakamwita "Bibi." Wiki ya pili akagoma kwenda.

Siku hizi anakanyaga cherehani. Mama akimwambia, "Nisomee kipimo, mwanangu," humjibu bila kuinua macho: "Soma mwenyewe. Ungesoma mapema."

FUNZO

Mmekitegua? Nyumba ile ni shule hiyo. Isiyovuma si lazima iwe mbovu. Zipo ndogo zinazolea vizuri. Lakini usitazame wanaoingia wamevaa nini. Uliza waliotoka wako wapi. Dai kuoneshwa cheti cha usajili. Mtafute mtoto mmoja aliyemaliza pale, uongee naye. Wahenga husema majuto ni mjukuu. Mimi wajukuu ninao, na nawaambia: huyo habembelezeki.