Kivuli Kilichoangukia Kijumba

Sisimizi ndio waliotangulia kujua. Asubuhi ile Mama Pikul alipeleka soda nyekundu yenye mrija na wali mtamu kwenye kijumba cha mzimu mlinzi wa kiwanja, kile kidogo kilichosimama juu ya nguzo uani, akawakuta wamepanga mstari hadi ndani, wanakula. Miaka nenda miaka rudi, sisimizi wa mji wetu wa Lopburi, wasioacha hata punje ya sukari, hawakuwahi kugusa chakula cha yule mzee asiyeonekana.

"Decha, mwenyewe kahama," alimnong'oneza mwanawe. "Ghorofa uliyoongeza juu imemtia kivulini."

"Mama nawe! Kivuli tu?"

Eti kivuli tu! Mtaa mzima unajua kuwa kivuli cha nyumba hakitakiwi kuangukia kijumba cha mlinzi, na Decha, fundi ujenzi mzima, alijua kuliko wote. Lakini mkewe Kanlaya alikuwa mjamzito, baada ya mimba mbili kuharibika, na Decha aliapa kuwa huyu atakuta chumba chake juu, chenye dirisha. Mbishi yule, hasikii la mtu. Basi kila alasiri kivuli cha chumba kilitambaa uani, kikapanda nguzo, kikakifunika kijumba.

Alasiri moja Kanlaya alikuwa chumbani humo akikunja nepi. Akasikia harufu ya udi, na hakuna aliyeuwasha, kisha asumini, kisha kiti cha pembeni kikalia kama kinavyolia mtu mzito anapokikalia, na baridi ikamtambaa miguuni, ikapanda magotini, ikafika tumboni ikatulia hapo, na mtoto aliyekuwa akicheza tumboni akaacha ghafla.

"Tafadhali, babu," alisema akilia. "Huyu usimchukue."

Mtoto akacheza tena.

Wakamwita Mzee Prayun, mganga wa mavazi meupe. Alikitazama kile kiti, hakukubali kuketi.

"Vunjeni chumba."

"Nivunje jasho langu?" Decha alikuja juu. "Hamisha kijumba, mzee. Kiweke mbele, kwenye jua."

"Kumwalika naweza. Kumfukuza siwezi. Huyu si mzururaji, ni mwenye nyumba."

Kijumba kikahamishiwa mbele kwa dua na mashada ya maua. Harufu ikakoma. Uchungu ulipoanza, mvua ilikuwa imefunga njia, na Kanlaya akajifungulia mlemle chumbani, kwa mikono ya mkunga wa mtaa. Wakamwita mtoto Phailin. Mama Pikul akaleta jiko la mkaa, mzazi akaanza kuota moto kama desturi, yeye na mwanawe hawatoki chumbani hadi siku zitimie. Decha alitamba mtaani wee! Hata mimi jirani yao nilichoka.

Siku moja kabla ya kutoka, Kanlaya alimwaga maji ya miwa sakafuni. Sisimizi wakapanda ngazi, wakafika kizingitini, wakasimama. Hakuingia hata mmoja. Wakageuka.

Kanlaya alikimbilia dirishani. Kule mbele, kijumba kilikuwa cheusi kwa sisimizi, wanakula chakula cha mzee.

Akamkwapua mtoto, akavuka mlango. Phailin akalegea, midomo ikawa buluu, pumzi hakuna. Akarudi nyuma hatua moja. Mtoto akavuta hewa, akalia. Akajaribu tena, huku Mama Pikul akimsihi, na tena pumzi ikakatika palepale kizingitini, na tena alipoingia ikarudi.

Decha alisikia vilio akapanda mbio na nyundo mkononi, jasho linamtoka.

"Navunja! Mama, nisamehe, leo hii navunja!"

Kanlaya aliziba mlango kwa mwili wake.

"Usiguse hata msumari, baba Phailin! Ukivunja, tunamzika!"

Nyundo ikamdondoka. Nyuma yao kiti kililia taratibu, na mtoto akakitazama akacheka.

Kanlaya alijipangusa machozi.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "nenda kamletee babu soda yake. Usisahau mrija."